Ndoa ya Binamu na Mtoto Anayefichwa: Baina ya Shutuma na Kimya

Wahenga walisema kuwa zimwi likujualo halikuli likakwisha. Katika miji na vijiji vingi vya pwani ya Kenya, kuanzia visiwa vya Lamu hadi Mji wa Kale wa Mombasa na kuteremka hadi Vanga, methali hii imetumiwa kwa vizazi na vizazi kuitetea ndoa ya mtoto wa ami, wa shangazi, wa mjomba au wa mama mdogo. Mantiki yake si haba. Binti anayeolewa na binamuye haendi ugenini. Mama mkwe wake ni shangazi aliyemwogesha utotoni, na baba mkwe wake ni ami ambaye hawezi kumwona akionewa akanyamaza. Mali haitoki nje, shamba la minazi halikatwi vipande, na siri za nyumba husalia nyumbani. Anayeidharau ndoa ya aina hii pasi na kuzitambua sababu hizo huwa anacheka asichokijua.

Hata hivyo, methali iyo hiyo ina upande wa pili ambao watumiaji wake aghalabu huupita. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, lakini hukula. Swali ambalo jamii imelikwepa kwa muda mrefu ni hili: je, zimwi hili la undugu humla nani, na humla kiasi gani? Baadhi ya watoto wanaozaliwa katika ndoa za ndugu huzaliwa na ulemavu wa akili. Hawa hawaonekani sana barazani wala harusini. Hukaa vyumba vya ndani, na mgeni akibisha hodi, mlango hurudishwa.

Kuhusu watoto hao pana kambi mbili. Ya kwanza ni ya shutuma, ambayo humwona kila mtoto mwenye ulemavu wa akili aliyezaliwa na mabinamu kuwa ushahidi wa ujinga wa wazazi wake. Ya pili ni ya kimya, ambayo hudai kuwa Mungu ndiye apangaye, kwamba undugu hauna lolote, na kwamba kulizungumza jambo hili ni kuwavunjia wazee heshima. Makala hii inashikilia kuwa kambi zote mbili zimekosea, na kuwa makosa yao humwangukia mtu mmoja, yaani mtoto, na baada yake mama yake.

Dini, sheria na mila

Ni vyema kwanza kuuweka msingi. Katika Uislamu, aya ya 23 ya Sura An-Nisaa inawataja jamaa ambao ni haramu kuoana, na mabinamu hawamo katika orodha hiyo. Ndoa yao basi ni halali. Lakini kuhalalishwa si kuamrishwa. Hakuna Mwislamu anayepata dhambi kwa kumwoa mtu baki, na wala hakuna anayevunja faradhi kwa kuuliza maswali kabla ya kumposa bint ami yake. Anayeifanya ruhusa kuwa amri huiongezea dini jambo ambalo dini haikulisema.

Kwa upande wa sheria za nchi, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inamweka binamu katika kundi la jamaa wasioruhusiwa kuoana, kisha inawatoa Waislamu katika katazo hilo. Msimamo huu unaakisi hali halisi ya Kenya, nchi ambamo mila mbili zinaishi bega kwa bega. Jamii nyingi za bara, wakiwemo Wakikuyu, Wakamba, Waluo na Waluhya, zina desturi ya kuoa nje ya ukoo, na kwao hata kufikiria ndoa ya binamu ni mwiko. Kwa hiyo mwanafunzi wa kutoka Kakamega anapokaa darasa moja na mwenzake wa kutoka Lamu, mmoja wao huweza kuiona ndoa ya wazazi wa mwenziwe kuwa kioja, ilhali yule mwingine hushangaa ni vipi mtu aweza kumtoa binti yake kwa watu asiowajua kwao. Kila mmoja amelelewa akidhani kuwa mila yake ndiyo maumbile yenyewe.

Doti moja, jora moja

Sayansi inasemaje? Kila mwanadamu hupokea jeni zake kwa jozi, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Jozi hizo zaweza kulinganishwa na doti ya leso. Mwanamke aliyejifunga leso mbili, moja juu ya nyingine, haaibiki kwa tundu lililo katika leso moja, maana ya pili humsitiri. Ataaibika tu iwapo leso zote mbili zimetoboka mahali pamoja. Ndivyo ilivyo kwa jeni nyingi zenye kasoro. Mtu aliye na moja yenye kasoro na moja nzima huishi salama salimini, akazeeka na kufa bila ya kujua kuwa alibeba kitu. Takriban kila mtu, awe wa bara au wa pwani, ana jeni chache za namna hiyo.

Tatizo huja pale mume na mke wanapokuwa wamebeba kasoro ile ile. Watu baki waweza kuafikiana hivyo kwa bahati. Mabinamu, kwa upande wao, wamekata leso zao kutoka jora moja, kwa sababu wana bibi na babu mmoja na huchangia takriban asilimia 12.5 ya jeni zao. Ikiwa jora la bibi lilikuwa na tundu, si ajabu tundu hilo likaonekana katika leso za wajukuu wawili.

Je, hatari yenyewe ni kubwa kiasi gani? Hapa ndipo penye haja ya hesabu badala ya vitisho. Uchunguzi mkubwa ulifanywa mjini Bradford, Uingereza, ambako wanaishi watu wengi wenye asili ya Pakistan na ambako asilimia 37 ya ndoa za jamii hiyo zilizochunguzwa zilikuwa za mabinamu wa karibu. Matokeo yake, yaliyochapishwa mwaka 2013 katika jarida la tiba la The Lancet baada ya kufuatilia zaidi ya watoto 11,000, yalionyesha kuwa uwezekano wa mtoto kuzaliwa na kasoro ulikuwa takriban 3 katika kila 100 kwa wazazi wasio ndugu, na takriban 6 katika kila 100 kwa mabinamu. Kasoro zilizohesabiwa zilikuwa za kila aina, zikiwemo za moyo, wala si za akili pekee.

Takwimu hizi zinawakosoa watu wa pande zote mbili. Kwa wenye kunyamaza, zinasema wazi kuwa undugu una athari, na kwamba athari hiyo huongeza hatari maradufu. Kwa wenye kushutumu, zinasema kuwa watoto 94 katika kila 100 wa mabinamu hao walizaliwa bila ya kasoro hizo. Uchunguzi huo huo ulionyesha pia kuwa ongezeko la hatari miongoni mwa mabinamu linakaribiana na lile la wanawake Waingereza weupe wanaozaa wakiwa na umri wa zaidi ya miaka 34. Hakuna anayemcheka mwanamke wa miaka 36 kwa kubeba mimba. Iweje basi binamu achekwe?

Kuhusu akili hasa, ushahidi upo. Mwaka 2011, watafiti waliochunguza familia 136 za Iran ambazo wazazi ni ndugu na watoto wana ulemavu wa akili walitangaza kugundua jeni 50 ambazo hazikuwa zimehusishwa na hali hiyo hapo awali. Maana yake ni kuwa hakuna jeni moja ya ulemavu wa akili. Zipo nyingi, kila moja ni adimu, na kila familia huweza kuwa na yake.

Yasiyohusiana na ubinamu

Maadamu hayo yamesemwa, haki inadai na mengine yasemwe. Ulemavu wa akili una visababishi vingi, na undugu wa wazazi ni kimoja tu. Mtoto aliyechelewa kutoka tumboni akakosa hewa huweza kuumia ubongo. Malaria iliyopanda kichwani, homa ya uti wa mgongo, na umanjano mkali wa mtoto mchanga usiotibiwa mapema, vyote huweza kumwachia mtoto ulemavu wa kudumu. Ukosefu wa madini ya iodini kwa mama mjamzito ni miongoni mwa visababishi vikuu duniani vinavyoweza kuzuiwa, na dawa yake ni chumvi iliyotiwa madini hayo. Pombe wakati wa mimba vilevile huharibu ubongo wa kijusi. Hali ya Down, ambayo chanzo chake kilibainishwa mwaka 1959 na Jérôme Lejeune na wenzake nchini Ufaransa, hutokana na kuzidi kwa kromosomu ya 21, na uwezekano wake hupanda kadiri umri wa mama unavyopanda. Haisababishwi na ndoa ya binamu.

Ni dhahiri basi kuwa jirani anayemwona mtoto mwenye hali ya Down na kunong'ona kuwa "hayo ndiyo ya kuoana ndugu" huwa amesema uongo, hata kama wazazi ni mabinamu kweli. Fauka ya hayo, mila ya kuoa nje ya ukoo haimkingi mtu na magonjwa yote ya kurithi. Selimundu ni ugonjwa unaohitaji jeni mbili zenye kasoro, na bado umeenea magharibi mwa Kenya, kandokando ya Ziwa Victoria, miongoni mwa watu ambao kwao ndoa ya binamu ni mwiko. Sababu ni kuwa wabebaji wa jeni hiyo ni wengi mno huko, hata watu wa koo mbalimbali wakakutana nayo. Nyani haoni kundule.

Hesabu ya robo

Ikiwa hatari si kubwa kama inavyosemwa na washutumu, kwa nini basi kimya kishutumiwe? Jibu limo katika hesabu nyingine, ambayo ndiyo kiini cha jambo hili.

Na ichukuliwe mfano wa bibi mmoja aliyebeba jeni moja yenye kasoro. Kila mtoto wake ana uwezekano wa nusu wa kuipokea, na kila mjukuu, robo. Wajukuu wake wawili, watoto wa ndugu tofauti, wakioana, uwezekano wa wote wawili kuwa nayo ni robo ya robo, yaani 1 katika 16. Na hata wakiwa nayo wote, kila mtoto wao ana uwezekano wa robo wa kuipata kutoka pande zote mbili. Kwa hiyo kabla ya harusi, hatari inayotokana na jeni hiyo moja ni 1 katika 64. Ni hatari ndogo, na wengi wangeikubali wakiwa na macho wazi.

Lakini mtoto wa kwanza mwenye hali hiyo akishazaliwa, hesabu hugeuka. Hapo imeshabainika kwamba baba na mama wote ni wabebaji. Hatari haiko tena 1 katika 64, bali ni 1 katika 4, na ni hivyo kwa kila mimba. Mimba ya pili haijui yaliyompata wa kwanza. Hakuna anayeweza kusema kuwa zamu imekwisha.

Na ni katika hatua hii hasa ndipo kimya hufanya kazi yake mbaya. Mtoto wa kwanza huambiwa amepatwa na jicho la hasidi. Wa pili husemwa kuwa mama yake alikanyaga pasipokanyagwa alipokuwa mja mzito. Wa tatu hunasibishwa na jini. Kila mtoto hupewa sababu yake, na kwa kuwa sababu ni tatu, hakuna anayeziunganisha. Mganga hulipwa mara tatu. Mama huombewa, hufukizwa, hulaumiwa, na pengine huachwa. Mume akioa mke mwingine wa mbali wakapata watoto wasio na tatizo, jamii huhitimisha kuwa kosa lilikuwa la mke wa kwanza, ilhali jeni zilitoka kwa wote wawili sawasawa.

Zaidi ya hayo, familia inayomficha mtoto humnyima hata mpwa wa baba yake maarifa. Binti wa nyumba ya pili, anayeposwa na binamuye miaka kumi na mitano baadaye, hajui kuwa katika ukoo huu wamezaliwa watoto watatu wa hali moja. Kipimo cha bei nafuu kuliko vyote, ambacho hakihitaji maabara wala sindano, ni kumbukumbu ya familia, nacho hufungiwa chumbani pamoja na mtoto. Mficha maradhi kifo humuumbua.

Si vigumu kuelewa ni kwa nini kimya hiki ni kizito. Katika ndoa ya watu baki, mambo yakiharibika kila upande hurudi kwao. Katika ndoa ya ndugu, hakuna kwao pa kurudi. Kumwuliza mama mkwe kuhusu jeni za nyumba yake ni kumwuliza shangazi, na kumwuliza shangazi ni kumwuliza baba. Talaka ya mabinamu huwatenganisha wazee waliolala tumbo moja. Ndiyo maana mama wa mtoto mwenye ulemavu huchagua kuyameza. Yale yale yaliyoifanya ndoa hii kuwa ngao yake ndiyo yanayomziba kinywa.

Neno "kurithi" na ndugu zake

Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili huenda wakauliza: haya si ya madaktari? La, kwani sehemu kubwa ya tatizo hili ni ya lugha.

Na lichukuliwe neno "kurithi". Katika matumizi ya kawaida, mtu hurithi kile ambacho aliyemtangulia alikuwa nacho kwa uwazi, iwe nyumba, shamba au pua ya baba. Muuguzi anapomwambia mama kuwa mwanawe ana "ugonjwa wa kurithi", mama hujibu kwa yakini, "Kwetu hakuna ugonjwa huo." Kwa mujibu wa lugha, amesema kweli, maana hakuna aliyeonekana kuwa nao. Kwa mujibu wa sayansi, amekosea. Hakuna mjinga baina ya wawili hao. Neno ndilo lililowapoteza. Laiti muuguzi angeambiwa na wanaisimu kuwa hapa panahitajika maelezo ya jeni iliyojificha, ya wabebaji wazima wasiojijua, na ya leso mbili zilizotoboka mahali pamoja, mazungumzo yangefika mbali zaidi.

Yapo pia majina ya watoto wenyewe. Taahira, punguani, zuzu na juha ni maneno ambayo yamegeuka matusi ya uwanjani, na mwalimu anayeyatumia darasani kama istilahi hulibeba tusi pamoja na maana. "Mwenda wazimu" humchanganya mwenye ulemavu wa akili na mgonjwa wa akili, ilhali hali hizo ni mbili: ugonjwa wa akili waweza kumpata mtu mzima mwenye elimu yake na ukatibika, na ulemavu wa akili huanza utotoni na huhusu uwezo wa kujifunza na kujimudu. "Mtindio wa ubongo", lisikikalo sana Tanzania, huweza kutumiwa kwa ulemavu wa akili na pia kwa ulemavu wa viungo utokanao na kuumia kwa ubongo, hata mtoto ambaye mwili wake haumtii lakini akili yake ni timamu akachukuliwa kuwa hajui kitu. Na neno "kilema" huitaja kasoro na kumtaja mwenye kasoro kwa mpigo mmoja, kana kwamba mtu na ila yake ni kitu kimoja.

Haya si mambo ya adabu tu. Ibara ya 54 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa kila mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa utu wake na kuitwa kwa namna isiyomdhalilisha. Ni nadra kwa katiba kuigusa kazi ya wanaleksikografia kwa uwazi kiasi hicho. Kamusi zinazofafanua neno moja la aina hii kwa jingine lililo baya zaidi, pasi na kuweka alama ya kuonya kuwa ni la kutweza, hazina budi kutazamwa upya.

Pingamizi tatu

Wapo watakaosema kuwa tiba ni kupiga ndoa hizi marufuku kabisa. Marufuku kwa Waislamu ingegongana na ruhusa ya dini yao, na pengine ingeisukuma ndoa gizani, mahali ambapo hakuna wa kushauri wala wa kupima. Mifano ya njia nyingine ipo. Saudi Arabia, nchi ambamo ndoa za mabinamu ni nyingi, iliwalazimu wachumba kuanzia mwaka 2004 kupimwa selimundu na thalasemia kabla ya ndoa. Wachumba huelezwa matokeo, kisha uamuzi ni wao. Miongoni mwa Mayahudi washika dini, rabi Josef Ekstein, ambaye alizika watoto wanne waliougua Tay-Sachs, ugonjwa wa kurithi unaoharibu ubongo, alianzisha mwaka 1983 mpango wa kupima vijana kabla hawajachumbiwa, ili wabebaji wawili wasikutanishwe na wala jina la yeyote lisianikwe. Katika mifano hiyo, dini haikutupwa. Imetumikia maarifa.

Wapo watakaosema kuwa kusema hadharani kutawaharibia mabinti wa nyumba hiyo soko la kuolewa. Hofu hii ni ya kweli, na haifai kubezwa. Lakini hujengwa juu ya dhana potofu kuwa zipo nyumba zenye jeni mbovu na zisizo nazo. Takriban kila mtu ana zake. Tena, binti wa nyumba yenye mtoto mwenye hali hiyo akiolewa na mtu baki, hatari ya watoto wake hupungua sana hata kama yeye mwenyewe ni mbebaji. Ukweli ukielezwa vyema humfungulia binti milango ya nje badala ya kumfungia.

Pingamizi la tatu ndilo zito zaidi, na hutoka kwa watu wenye ulemavu na watetezi wao. Huuliza: je, kuzungumzia kuzuia ulemavu si kusema kuwa wao ni makosa ambayo afadhali yasingetokea? Swali hili linastahili jibu la unyofu. Kumshauri mchumba kabla ya ndoa ni jambo moja, na kumheshimu mtoto aliyekwisha kuzaliwa ni jambo jingine, na la pili halingoji la kwanza. Jamii inayowapa wachumba ushauri lakini ikaendelea kumfungia mtoto chumbani itakuwa imejifunza hesabu na kusahau utu. Mtoto mwenye ulemavu wa akili hujifunza. Huenda akachelewa, lakini hujifunza kula, kuvaa, kuhesabu pesa, kufuma, kulima, na kumtambua ampendaye. Vituo vya kuwatathmini watoto wenye mahitaji maalumu vilianza kuundwa nchini Kenya mwaka 1984, na Taasisi ya Elimu Maalumu ikaanzishwa mwaka 1986 ili kuandaa walimu wao. Mtoto asiyetolewa chumbani hafaidiki na lolote kati ya hayo. Hujafa hujaumbika.

Hitimisho

Historia ya tiba ina kisa kimoja kinachofaa kukumbukwa hapa. Katika miaka ya 1930 nchini Norway, mama mmoja mwenye watoto wawili wenye ulemavu wa akili alikataa kuambiwa kuwa hakuna sababu. Alizunguka kwa waganga na madaktari, akisisitiza kuwa mkojo wa wanawe ulikuwa na harufu isiyo ya kawaida. Mwaka 1934 daktari Asbjørn Følling aliupima mkojo huo akagundua ugonjwa uitwao fenilketonuria, ambao mtoto huupata akipokea jeni yenye kasoro kutoka kwa wazazi wote wawili. Mwili wake hushindwa kukivunja kiambajengo kimoja cha protini, kikalimbikana na kuudhuru ubongo. Miaka ya 1950 ilipatikana namna ya kuwalisha watoto hao chakula maalumu, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 Robert Guthrie wa Marekani, mwenyewe baba wa mtoto mwenye ulemavu wa akili, alitengeneza kipimo cha tone la damu ya mtoto mchanga. Tangu hapo, maelfu ya watoto ambao wangepoteza akili wamekua wakiwa timamu. Wana wa yule mama hawakuwahi kupona. Lakini kama angewafungia chumbani na kunyamaza, wengine wangengoja zaidi.

Mambo yanayohitajika hapa pwani si ghali. Mshenga anapokwenda kupeleka posa, na aulize afya ya vizazi vitatu vya nyumba zote mbili, kama anavyouliza tabia na dini. Imamu na kadhi wanapofungisha nikahi za mabinamu, na wawausie wachumba wamwone daktari kabla ya siku ya harusi. Mama aliyezaa mtoto mwenye ulemavu wa akili, na aelezwe hesabu ya robo kabla ya mimba ya pili, tena aelezwe pamoja na mumewe, kwa sababu jambo hili ni lao wote. Na wanaojifunza Kiswahili katika vyuo vikuu, ambao mara kwa mara hulalamika kuwa lugha hii haipewi nafasi katika sayansi, na waichukue nafasi iliyo wazi mbele yao. Makaratasi ya ushauri yanayoeleweka na nyanya wa Siyu na wa Takaungu hayajiandiki yenyewe. Yanangoja mtu anayejua jeni ni nini na leso ni nini.

Siku hiyo ikifika, mgeni atabisha hodi, mlango utafunguliwa, na mtoto ataletwa kutoa mkono kama watoto wengine. Atakayemuuliza jina atajibiwa kwa jina lake, si kwa jina la ulemavu wake.